Kitenge Chini ya Kichwa

Mama Beda anasema Ludovika aliangukia moto. Anasema hivyo kila mteja mgeni anapouliza kwa nini yule dada wa upande wa pili wa uzio ana mkono wenye kovu.

"Ilikuwa msibani kwa mzee Longino," anaanza, huku akipakua maharage. "Maji ya ugali yako jikoni yanatokota, sisi tunakata mboga. Mara nasikia mlio kama wa mbuzi anayekabwa. Kugeuka hivi, Ludovika huyo chini. Miguu inapiga, macho meupe. Akabiringika mpaka kwenye mafiga, moto ukamshika. Wanawake mbio. Mmoja kaacha kiatu, mwingine kaacha mtoto."

"Na wewe?"

"Nibaki nifanye nini? Lile povu likikugusa, kesho na wewe unaanguka. Nilikimbia kama wenzangu." Hapo hukung'uta upawa ukingoni mwa sufuria. "Mtu mwembamba vile, lakini akishaanguka anakuwa mzito, mzito kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa. Hakuna aliyemgusa. Alizinduka mwenyewe, akaenda kwao."

Wateja hucheka kidogo, kisha huacha. Fransisko wa bodaboda, ambaye hadithi hiyo ameisikia mpaka ameichoka, humalizia kwa niaba ya wote: "Basi ndiyo ameshaisha. Akishaungua, dawa haimshiki tena."

Nyuma ya uzio wa mabanzi, Ludovika alikuwa akisikia. Alikaa chini kwenye mkeka, ungo mapajani, akichambua maharage ya Mama Beda yule yule. Ndiyo kazi aliyobakiwa nayo. Unga hawakumpa, maana unga hauoshwi. Maji hakutumwa, maana kisima ni kirefu. Maharage yataoshwa, yatachemka asubuhi nzima, na chochote kilichotoka mikononi mwake kitakufa humo. Kwa hiyo aliletewa maharage. Yaliwekwa kwenye tundu la uzio bila salamu ndefu, naye aliyarudisha hapo hapo, safi, bila jiwe hata moja.

Alikuwa na miaka ishirini na kitu. Alimaliza darasa la saba Matogoro hapo hapo, na ugonjwa ulimwanza mwaka uliofuata. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi kila upande, nafasi ya kutosha kumlaza mtoto. Kwenye kibanda cha Mama Beda kikombe chake kilikuwa cha bluu, kilichobanduka rangi mdomoni, kikining'inia kwenye msumari wake peke yake.

Hadithi ya moto hakuweza kuibishia, na hilo ndilo lililomchosha kuliko kovu. Watu wote wa msiba ule walikuwepo, isipokuwa yeye. Alikumbuka kwamba mama mmoja aliinuka kumfuata mwanawe, mwiko ukabaki, naye akaushika kwa sababu hakuna aliyemkataza. Alikumbuka mvuke usoni. Baada ya hapo alikumbuka kuzinduka nyuma ya banda la kuku, mbali na jiko, amelazwa ubavu. Mkono ulikuwa unawaka lakini ulikuwa umelowa maji baridi. Gauni lake lilikuwa limevutwa hadi kwenye vifundo vya miguu na kuviringishwa vizuri, ili hata akitupa miguu asionekane mapaja. Na chini ya kichwa chake palikuwa na kitenge kilichokunjwa mara nne, cha rangi ya udongo mwekundu, chenye michoro ya manyoya ya tausi.

Hakikuwa chake. Alikifua, akakianika ndani ya nyumba, akakiweka chini ya godoro. Hakuna aliyekuja kukiulizia.

Kaka yake Emiliani hakutaka kusikia habari za kitenge. Yeye naye alikuwa dereva wa bodaboda. Kwa miaka yote alikuwa akimpeleka kliniki mjini mwisho wa mwezi, amefungwa kwa kanga kiunoni mwa kaka yake asije akadondoka njiani. Baada ya msiba ule aliacha.

"Ludo, mdogo wangu," alimwambia, bila ukali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Moto umeshakula. Unajua wenyewe wanavyosema. Nitakuwa nakubeba kwenda kufanya nini?"

Vidonge vilikuwa vinaelekea kwisha. Ludovika alianza kuvikata nusu.

Ndipo akaja Zuhra.

Alikuwa msichana wa Nalasi, kule Tunduru, mwenye ushungi wa kijani na viatu vilivyotembelewa sana. Alikuwa amepanga chumba Ruhuwiko. Siku ya kwanza alikaa kibandani kwa Mama Beda, akajieleza kwamba anasoma chuo kikuu, na kwamba amekuja kujifunza jinsi watu wanavyoishi na kifafa.

"Kwa hiyo wewe daktari," alisema Fransisko.

"Hapana, kaka. Mimi nasoma sayansi ya jamii. Naangalia ugonjwa ukishaingia kwenye nyumba, watu wanafanyaje. Wanasema nini, nani anakaa na nani."

"Bila sindano?"

"Bila sindano."

"Kwa hiyo serikali inakusomesha umbeya." Kibanda kizima kilicheka. Hata Zuhra alicheka, akasema umbeya huo una mtihani na wengi wanafeli.

Aliwauliza wengi, mmoja mmoja, majumbani mwao. Mama Beda alizungumza naye mchana mzima, mlango umerudishwa, na jioni hiyo maharage yakaungua, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ludovika aliisikia harufu.

Kwa Ludovika, Zuhra alifika mwishoni. Hakusimama kwenye tundu la uzio. Alizunguka mlangoni, akabisha hodi, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, magoti karibu yagusane.

"Dada Ludovika, utakachoniambia kitabaki kwangu," alisema. "Hata mwenyekiti wa mtaa akiniuliza, simwambii. Hata kaka yako. Nikiandika, jina lako halitakuwepo."

Ludovika alikipenda kiapo hicho. Tangu azaliwe hakuwa na jambo ambalo mtaa haulijui. Alivuta ungo karibu, akaendelea kuchambua, kwa kuwa mikono ikiwa na kazi maneno hutoka.

"Ukizinduka," Zuhra aliuliza, "kitu cha kwanza unaona nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kliniki walimuuliza ameanguka mara ngapi.

"Miguu," alisema baadaye. "Miguu ya watu, mbali. Wamesimama kama wanaangalia nyoka. Najua kitu kimepita, ila sijui kimepitaje. Mpaka waniambie. Na wao wakiniambia wanacheka, au wanapunguza, au wanaongeza." Akatupa jiwe dogo nje ya mkeka. "Siku ile ya msiba peke yake sikuona miguu."

"Uliona nini?"

Ludovika aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kitenge. Zuhra alikishika kwa mikono miwili. Macho yake yalifanya kama ya mtu aliyekutana na anayemfahamu katikati ya soko, na Ludovika, ambaye maisha yake yote yalikuwa kutazama nyuso za watu ili ajue kilichompata, aliona.

Walikula pamoja siku hiyo, ugali na matembele, sahani moja. Ludovika alijikuta anakula polepole ili chakula kisiishe.

Emiliani alirudi kabla hawajanawa. Zuhra alimsalimia, akamwambia kwa upole kwamba kuungua hakuzuii dawa kufanya kazi, kwamba hata aliyeungua mara nyingi anapaswa kunywa vidonge, na akiacha ghafla hali inakuwa mbaya zaidi.

"Hayo ni ya vitabuni, dada yangu," alijibu Emiliani. Alikuwa amechoka, vumbi kope nzima. "Mimi nimezaliwa hapa. Nimewaona walioshikwa na moto. Hakuna hata mmoja aliyepona."

"Lakini hakushikwa na moto. Alimwagikiwa na maji ya ugali."

"Nani kakwambia?"

Zuhra aliisogeza sahani kando.

"Nakuuliza kwa wema," alisema Emiliani. "Mimi ningependa yawe maji kuliko mtu yeyote. Nani aliona? Aje aniambie mimi, hapa, kwa mdomo wake. Kesho yake nampakia."

Kuku walipita. Zuhra alitazama mikono yake yenye ugali.

"Basi," alisema Emiliani, akaingia ndani.

Ludovika alimsindikiza Zuhra hadi barabarani, pale ambapo milima ya Matogoro huonekana yote, kijani kilichoiva mpaka kikawa cheusi. Zuhra alikuwa anarudi chuoni wiki hiyo hiyo. Walisimama.

"Unamjua," Ludovika alisema. "Aliyenivuta."

"Ludovika."

"Niambie jina tu. Sitaki kumdai kitu. Nitaanguka tena, dada Zuhra. Nataka nijue kama kuna mtu."

Zuhra alimshika mkono, ule wenye kovu, na hakuuachia.

"Unakumbuka nilikuapia nini? Kwamba chako kitabaki kwangu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na yeye nilimwapia hivyo hivyo. Nikikupa lake, la kwako nalo nitakuwa nimelitoa."

Ludovika alitikisa kichwa kukubali. Kilikuwa kitu cha haki, na kilimwacha pale pale alipokuwa. Pikipiki ikaja, ushungi wa kijani ukapanda, ukateremka kuelekea Ruhuwiko, na barabara ikawa ya watu wengine.

Kesho yake alikuwa tena kwenye mkeka. Upande wa pili mteja mgeni, dereva wa lori la mahindi, aliuliza habari za dada mwenye kovu, na Mama Beda akaanza. Msiba, mboga, mlio wa mbuzi. Ludovika alisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua, vidole vikisogeza maharage, zima huku, bovu kule.

"Mzito kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa," alisema Mama Beda.

Vidole vikasimama.

Kauli hiyo ameisikia mara ngapi? Siku zote ilipita na mengine. Sasa ilibaki juu ya ungo kama jiwe lililofanana na harage. Mtu akitazamwa kwa mbali, uzito wake haujulikani. Uzito unajulikana na aliyenyanyua. Na gunia lililonyeshewa anapolijua mtu, mgongo wake ndio uliomwambia.

Kama wote walikimbia, nani aliyeona moto? Na aliyeona maji, angesemaje ni maji bila watu kumuuliza alikuwa amesimama wapi? Mwanamke anayelisha madereva wa Matogoro nzima kwa mikono yake, akijulikana kwamba mikono hiyo ilifuta lile povu, nani atakula kwake siku inayofuata? Ludovika alilifikiria hilo bila hasira. Alimaliza maharage. Hakuharakisha.

Alingoja mchana upungue, wakati ambapo kibanda huwa kitupu na Mama Beda husugua masufuria. Kitenge alikikunja mara nne kama alivyokikuta, akakiweka ndani ya beseni, akamwaga maharage juu yake ili apitaye asione. Safari hii hakwenda kwenye tundu la uzio. Alizunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ludo." Mama Beda alishtuka kumwona mlangoni. "Mbona umejisumbua? Ungeweka pale pale."

Ludovika alipiga magoti, akaweka beseni chini, akasogeza maharage kwa kiganja mpaka unyoya mmoja wa tausi ukaonekana. Mama Beda alitazama. Majivu aliyokuwa akisugulia yalimdondoka kidogo kidogo kwenye vidole.

"Sitamwambia mtu, mama," alisema Ludovika, akitazama beseni tu, kwa kuwa hakutaka kumnyima mtu mzima pa kuficha uso. "Na hakuna aliyeniambia. Wewe endelea kuwasimulia kama unavyowasimulia. Ila vidonge vyangu vinakwisha. Naomba umwambie kaka Emiliani peke yake, kwamba ni maji. Amesema akisikia kwa aliyeona, atanipeleka. Kliniki ni Alhamisi."

Mama Beda aliyafukia yale manyoya kwa maharage, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya beseni waliposikia pikipiki ikizimwa nje.

Ilikuwa ya Emiliani. Ludovika aliutambua mlio kabla hajaona kofia. Aliinuka, akarudi nyuma, akakaa chini nje ya kibanda, mgongo kwenye mabanzi, mahali pake.

"Shikamoo, mama. Kuna chochote kilichobaki? Njaa inaniua." Emiliani aliketi kwenye benchi, akamwona dada yake. "Na wewe umefuata nini huku?"

"Nimeleta maharage."

Mama Beda alinawa majivu. Alimpakulia Emiliani ugali, akammiminia chai. Kisha akabaki amesimama na birika mkononi, chai ya Ludovika ikiwa bado haijamiminwa, akitazama msumari wenye kikombe cha bluu, kisha vikombe vingine vilivyopangwa juu ya meza, kisha msumari. Mvuke ulikuwa ukitoka mdomoni mwa birika.

"Mama Beda," alisema Emiliani, tonge likiwa njiani, "mbona kimya leo?"