Maji Mara Saba

Fimbo ya Bi Mwanahija ilikaa mahali pamoja tangu mumewe yuko hai: imechomekwa kwenye makuti juu ya mlango wa jikoni. Mjukuu wake Mastura, mtoto wa miaka tisa, hakupita pale bila kuinua macho.

Asubuhi ile mwenyekiti wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba pale Miteja. Mbuzi wa jirani yao Angela alikuwa amekufa akitoka povu, anatafuna kamba yake mwenyewe. Ndiye aliyeng'atwa na yule mbwa mwenye kichaa aliyeuawa mikoroshoni wiki tatu nyuma.

"Mwenye mtoto amuulize," alisema mwenyekiti. "Kama aling'atwa, awahi sindano. Maji yakishamshinda kunywa, hakuna dawa tena."

Jirani Bakary alicheka. "Wangu nilimuuliza siku ile ile. Bakora kumi na mbili. Somoe akaapa hajafika mikoroshoni. Tangu jana kaninunia, hata chai kagoma, lakini uongo hana. Au wewe Bi Mwanahija mkono umeshazeeka?"

Mwanahija hakucheka. Alikumbuka kitu.

Siku ile mbwa alipouawa, alimkuta Mastura nyuma ya jiko, ndoo ya pili inakwisha, kajipaka udongo mguuni, anahesabu: "Nne... tano..." Maji ya kisima cha mbali, ya kubeba kichwani! Hakuuliza. Alichomoa fimbo. Mtoto alilia "Samahani bibi, samahani" mpaka kipigo kikaisha, na tangu hapo halikumwagika tone. Mwanahija alimshukuru Mungu kwamba mtoto amefunzika.

Sasa hesabu ile ilimrudia. Nani huosha mara saba, moja kwa udongo? Kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Aliyepatwa na mate ya mbwa.

"Mastura!"

Mtoto akaja. Kwanza alitazama makuti.

"Uling'atwa na mbwa?"

"Hapana, bibi." Upesi mno.

Mkono wa Mwanahija ulikwenda wenyewe juu ya mlango. Ukaishika fimbo. Hapo akauona uso wa mjukuu wake unavyojifunga, kama nyumba inayofungwa madirisha kabla ya mvua. Akaelewa kuwa atampiga mpaka jioni na atakachopata ni kiapo tu.

Akaipiga fimbo gotini. Ilikataa, ilikuwa fimbo nzuri. Mara ya tatu ikavunjika, akaisukumia mekoni.

Mastura aliutazama moto. "Nikisema, utakata nyingine?"

"Wallahi sikati."

Mtoto akainua gauni. Chini ya goti palikuwa na alama nne.

"Tulienda kuokota mabibo. Ila tuliosha mara saba, bibi. Mimi saba, na Somoe saba. Tukajua yamekwisha."

"Somoe aling'atwa wapi?"

Mastura akagusa kisogo, pale ushungi unapofunika. "Alisema baba yake akijua atamuua."

Mwanahija alimshika mkono, wakavuka uwanja mbio.

Ndani kwa Bakary, Somoe alikuwa ameegemea ukuta, anajikuna kisogo bila kukoma. Mama yake alimsogezea kikombe. Mtoto alikitaka, ilionekana. Alikipokea kwa mikono miwili. Kilipokaribia midomo, koo likaruka, maji yakamwagika kifuani.

"Kiburi hicho," alisema Bakary, lakini sauti ilimtetemeka. "Tangu jana. Kunywa, nimesema!"

Akainua bakora. Mwanahija akaidaka.

"Iache, Bakary. Imeshafanya kazi yake. Mwite mwenyekiti, mtafute gari."

"Kazi gani?" aliuliza Bakary, taratibu, kama mtoto. "Bibi, kazi gani?"

Mwanahija alimvuta Mastura hadi barabarani, akasimamisha pikipiki ya kwanza, akampakia mbele yake. Njia nzima ya kwenda kwenye sindano alisoma dua kwa midomo, na mkononi alishika chupa ya maji.

"Kunywa tena, mama," alimwambia kila walipopita daraja. "Kunywa nikuone."