Hapana Sabini na Moja

Karatasi aliyowagawia Duane asubuhi ile ilikuwa na safu nne tu: tarehe, kaunta, idadi ya waliohudumiwa, na idadi ya waliosema ndiyo. Duane Stordahl ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ya leseni ya Nordby, mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota, na siku hiyo alikuwa amenunua donati kwa sababu alikuwa na jambo la kuwaambia watu wake. Kuanzia mwezi uliofuata, swali la kuchangia viungo halingekuwa tena kwenye fomu ya udereva peke yake. Bunge la jimbo lilikuwa limeliweka kwenye fomu ya uwindaji pia, na ya uvuvi. Mtu akija kuchukua kibali cha kuua kulungu, ataulizwa kama siku akifa yeye, moyo wake na figo zake ziwafae wengine.

"Na litasomwa kama lilivyoandikwa," alisema Duane. "Neno kwa neno. Sitaki kusikia mtu anauliza 'Viungo? Hapana, eh?' kama anauza vitunguu."

Wote wakacheka. Duane akaweka kidole kwenye karatasi.

"Sasa tazameni maajabu haya. Mwaka juzi, Ijumaa ya kuamkia msimu wa kulungu, kaunta ya pili. Watu sabini na mmoja wamebadilisha leseni za udereva kabla ya kwenda kuwinda. Ndiyo ngapi? Sufuri! Arlys, uliwaonyesha kisu?"

Arlys Haugdahl alikuwa na miaka hamsini na tisa, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa nyuma ya kaunta ya pili.

"Wawindaji hao, Duane," alijibu. "Wako tayari kugawa maini ya kulungu. Ya kwao waachie wenyewe."

Walicheka tena, na yeye akacheka nao. Kisha akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa sweta. Donati hakuigusa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kompyuta za ofisi hazikumruhusu karani kusonga mbele mpaka swali la viungo lijibiwe. Miaka mingi Arlys aliliuliza vizuri. Siku moja mzee mmoja akamjibu kwa sauti iliyofika mlangoni, "Mama, nimekuja kutafuta leseni, sijaja buchani." Foleni nzima ikaangua kicheko. Toka siku hiyo alianza kuwachagua watu. Mwenye sura ya upole alimuuliza. Mwenye sura ngumu, au mwenye haraka, alimbonyezea hapana na kusonga. Hapana haikuwa na kazi nyingine. Ndiyo ilifungua kurasa mbili zaidi. Na siku ambazo foleni ilishuka ngazi mpaka barabarani, hakuchagua tena. Alibonyeza kwa wote. Hakujiona mwongo. Alijiambia kwamba asiyetaka kuulizwa amesaidiwa, na anayetaka kweli atasema mwenyewe.

Ijumaa ile ya kuamkia msimu wa kulungu ilikuwa moja ya siku hizo.

Swali jipya lilianza Novemba, na Arlys alilisoma neno kwa neno kwa kila mtu, hata kwa waliomkunjia uso. Jumanne ya wiki ya kwanza, foleni ikiwa fupi, alikuja LaVonne Kinnunen.

LaVonne alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Walifahamiana kama watu wa mji mdogo wanavyofahamiana: kanisa moja, duka moja. Mwaka uliopita mwanawe wa pekee, Reid, kijana wa miaka ishirini na miwili, alianguka kutoka kwenye jukwaa la kuvizia kulungu, akagonga kichwa. Alikaa siku mbili kwenye mashine, hospitali ya mbali, kisha akazikwa. Siku ya mazishi, Arlys ndiye aliyewamiminia watu kahawa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa.

"Nataka kibali cha kuvua samaki," alisema LaVonne.

"Ziwa linaganda hivi karibuni, LaVonne. Na wewe lini ulivua samaki?"

"Sijawahi. Nimesikia redioni kwamba siku hizi swali liko humo. Leseni yangu ya gari bado ina miaka mitatu, siwezi kungoja. Haya, niulize."

Arlys akalisoma swali. LaVonne akasema ndiyo kabla halijaisha. Kisha akaegemea kaunta, akashusha sauti.

"Kule hospitali waliniuliza kuhusu Reid. Dada mmoja mpole sana. Alisema jina lake halimo kwenye orodha ya wachangiaji, kwa hiyo uamuzi ni wangu. Nikaitoa leseni kwenye pochi yake nikaitazama. Haikuwa na alama ya mchangiaji. Nikamwambia yule dada, mwanangu alishaulizwa, akakataa, nani mimi nimpinge amelala hapo?"

"Ulimheshimu," alisema Arlys.

"Nilimheshimu. Lakini Arlys, mtoto yule alikuwa akivua jaketi lake anampa mtu barabarani kwenye theluji. Kila siku najiuliza, kwa nini alikataa? Nilimfundisha nini? Nimelea mtu miaka ishirini na miwili, kumbe sikumjua."

Mtu wa nyuma akakohoa. Arlys akachapa kibali, akakitia kwenye bahasha, akamkabidhi. Alisema, "Barabara zina barafu, endesha polepole." Hayo ndiyo maneno aliyoyapata.

LaVonne alipotoka, Arlys aliingia chooni akaitoa ile karatasi, ambayo tangu siku ya donati haikutoka mfukoni mwa sweta. Haikuwa na majina, na hakuyahitaji. Alimkumbuka Reid Ijumaa ile: kofia ya rangi ya machungwa, anakuja kubadilisha leseni kwa kuwa ametimiza miaka ishirini na mmoja, anamwambia, "Bi Haugdahl, leo umefanya kazi ya punda, nikuletee kahawa?" Hata sura ngumu hakuwa nayo. Akamjibu asante, hapana, na kidole chake kikawa kimeshabonyeza ile hapana nyingine.

Alijitetea kadiri alivyoweza. Mama wa watu ameshazika. Ukimwambia, unamfufulia msiba ili wewe upate kulala. Alilirudia hilo mpaka likaanza kufanana na busara. Lakini kila aliporudi kwenye kaunta na kulisoma swali, lilimtoka kama kitu alichokiiba anakirudisha kidogo kidogo, kwa watu wasiokuwa wenyewe. Saa tisa aliomba ruhusa, akaenda nyumbani kwa LaVonne.

LaVonne alikuwa ametoka shuleni, aproni bado kiunoni. Kama ilivyo desturi, alisema atatengeneza kahawa, Arlys akasema asisumbuke, LaVonne akasema si usumbufu, Arlys akasema labda nusu kikombe. Waliongea juu ya theluji na paa la kanisa. Kikombe kilifika nusu.

"LaVonne, Reid hakukataa."

"Nini?"

"Leseni yake nilimtengenezea mimi. Sikumuuliza. Foleni ilikuwa ndefu, nikajaza hapana. Si yeye tu. Siku ile nilijaza kwa wote."

LaVonne alikaa akitazama mikono yake mwenyewe, iliyobabuka kwa maji ya moto ya jikoni.

"Hukumuuliza."

"Sikumuuliza."

"Kwa hiyo aliyesema hapana ni mimi."

"La, LaVonne. Ni mimi niliye..."

"Wewe ulibonyeza kitufe. Mimi niliulizwa uso kwa uso, mkono wake uko mkononi mwangu bado una joto, nikasema hapana." Sauti yake haikupanda. "Ningesema ndiyo, Arlys. Bila ile leseni, ningesema ndiyo."

Arlys alitamani atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa hili hakujiandaa.

"Angesema nini?" aliuliza LaVonne. "Wewe ulimwona siku ile. Ungemuuliza, angesema nini?"

Neno ndiyo lilikuwa karibu sana. Lingekuwa zawadi. Lakini Arlys alikuwa ameshamjibia mtoto huyu mara moja.

"Sijui," alisema. "Sikumuuliza."

LaVonne akainuka, akamfungulia mlango. "Wale wengine wa siku hiyo wako hai?"

"Wengi wao."

"Basi nenda kawaulize."

Duane alipoambiwa alifunga mlango wa ofisi yake, uso ukamwiva. "Umebakiza miezi kumi na minne ustaafu," alisema. "Ungenyamaza tu, bibi wewe. Mimi nilishawacheka wale wawindaji, nikamaliza." Lakini hakuwa mtu mbaya, akaandika ripoti. Makao makuu wakampa Arlys onyo la maandishi na kumwacha palepale kwenye kaunta ya pili, adhabu ambayo aliiona kubwa kuliko kufukuzwa. Barua zikatumwa kwa waliokuwa hai kati ya wale wa Ijumaa ile: ofisi haikukuuliza, tafadhali fika uulizwe. Arlys aliomba jina lake liandikwe.

"La nini?" alisema Duane. "Kaunta ya pili Nordby nzima ni moja."

Wakaanza kuja. Wengine walimwonea huruma, na hao ndio waliomtesa zaidi. Mmoja aliuliza kwa sauti, foleni ikisikia, "Umenijibia nini kingine? Kura pia umenipigia?" Orville Tuominen, mzee wa miaka sabini na tisa, alisikiliza swali lote amevua kofia, akasema, "Asante kwa kuuliza. Hapana." Arlys akabonyeza hapana, akageuza kioo cha kompyuta ili mzee aione mwenyewe. Kila mmoja alipomaliza, alichora kijistari kwenye karatasi ile ya Duane, cha ndiyo upande mmoja, cha hapana upande wa pili.

LaVonne, kila alipofika ofisini kwa karatasi za gari, alipita kaunta ya kwanza, hata ikiwa na watu na ya pili iko wazi. Kanisani alikaa upande wa pili. Hakumsema vibaya kwa mtu; angemsema, Arlys angesikia.

Katikati ya Januari alikuja akasimama mbele ya kaunta ya pili, theluji mabegani. Hakuwa na fomu.

"Wamekuja wangapi?"

"Hamsini na wanane."

"Ndiyo ngapi?"

Arlys aliitoa karatasi, akavihesabu upya vijistari vya ndiyo ingawa alivijua. "Arobaini na watatu."

LaVonne akaivuta karatasi, akaigeuza upande wake. Alihesabu mwenyewe, kwa kidole, taratibu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudia tangu mwanzo.

"Wengi," alisema.

"Wengi."

"Na yeye alikuwa bora kuliko wengi wao."

LaVonne alivaa glavu moja, kisha ya pili, akatoka bila kuaga. Nyuma yake mtu mwingine alikuwa ameshasogea na barua mkononi, naye Arlys akalianza swali, neno kwa neno.