Mtu Hakatwi kwa Kukunja

Kwenye karakana ya sare za shule kila fundi ana kipande chake. Yuko wa mikono, yuko wa mifuko, yuko wa pindo. Huyu tunayemzungumzia alikuwa wa kola. Kwa miaka kumi na mmoja alishona kola tupu, nyeupe, zenye ncha mbili, hata watu wakamsahau jina wakamwita Mama Kola. Kama uliwahi kukwaruzwa shingo na shati jipya la shule, wa kumlaumu sasa unamjua.

Zamani hakuwa hivyo. Usichana wake wote aliumaliza akibuni magauni, na aliacha kwa sababu ya gauni moja tu. Mdogo wake, ambaye leo ni mwalimu, alianguka kwenye ngazi utotoni akavunjika bega la kushoto, na mfupa ulipounga, bega likabaki chini kuliko mwenzake. Siku mdogo mtu alipopata kazi, dada mtu alimshonea gauni la kuanzia, akatia na sponji begani ili kusawazisha mambo. Gauni likavutika upande mmoja kama pazia lililochomoka kwenye ndoano. Mwalimu akasema, "Asante, dada," akajifunika mtandio juu yake, na kwa miaka yote iliyofuata hakuuvua mtandio huo mbele za watu. Mama Kola naye akatupa jongoo na mti wake: akaacha gauni, akaacha na kubuni.

Sasa, mapumziko ya mchana pale karakana yaliongezwa yakawa saa nzima. Wenzake waliitumia kulala, vichwa juu ya marobota ya vitambaa. Yeye hakupata usingizi. Siku ya tatu akaja na daftari lisilo na mistari na penseli, bila kumwambia mtu, akachora kilichokuwa mbele yake: kikombe, cherehani, kisha msimamizi wao aliyesinzia kitini mdomo wazi.

Jirani yake wa meza, mshona matundu ya vifungo, aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Akachungulia.

"Wewe mama! Nusu ya msimamizi umeipeleka wapi?"

Mama Kola akatazama vizuri. Kweli, msimamizi alikuwa na jicho moja, sikio moja, tundu moja la pua na mdomo ulioishia katikati. Pale alipokatika palikuwa na mstari ulionyooka, na kando yake maneno madogo ambayo hata hakumbuki kuyaandika: *kunja hapa*.

Ndivyo kola inavyochorwa, nusu tu. Unakunja kitambaa, unalaza karatasi kwenye mkunjo, unakata, unakunjua, nusu ya pili inajitokeza yenyewe. Mkono wake haukujua tena njia nyingine. Akafunua kurasa za nyuma: nusu kikombe, nusu cherehani, na nusu paka aliyekuwa akipita zake. Walicheka mpaka msimamizi akaamka, akawauliza kuna nini, wakazidi kucheka.

"Mmalize basi," Redio akasema akijifuta machozi. "Mtu hakatwi kwa kukunja."

Akammaliza, na hapo ndipo utamu ulipoanza, maana nusu ya pili ilikataa kufanana na ya kwanza. Unyusi wa kulia ulipanda, wa kushoto ulilala. Mdomo ulikwenda zaidi upande mmoja, upande ambao mzee yule hucheka nao. Kila upande aliouona haukuwa pacha wa mwenzake, na Mama Kola akajisikia raha ambayo hakuwa ameionja tangu usichana. Wiki zikapita. Alichora mikono ya Redio, migongo ya walalaji, viatu mlangoni, na kila mchana saa ile ilimwishia mapema.

Kisha mdogo wake akateuliwa kuwa mwalimu mkuu. Jumamosi ya tatu kutoka hapo angetambulishwa mbele ya wazazi wote.

"Nitavaa tu ile nguo yangu nyeusi, na mtandio," alisema.

Mama Kola akashtuka, wala si kwa sababu ya mtandio. Aliliona tena akilini gauni lile la zamani, akaona na kosa lake: alilikata kwa kukunja, nusu mbili sawasawa, kwa mwili usio na nusu mbili sawa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikuwa amekwisha jua anachotaka kufanya.

"Nitakushonea gauni."

"Dada, tusirudi huko."

"Nipe Jumapili moja nikuchore. Usipopenda, vaa nyeusi yako na mimi sitasema neno."

Mwalimu alikubali shingo upande. Jumapili hiyo alikaa mezani akisahihisha madaftari ya wanafunzi, bila mtandio, na dada yake akachora. Alimaliza, akamgeuzia. Mwalimu alitazama, kalamu nyekundu ikabaki hewani.

"Ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo."

"Ungeliinua kidogo tu hili bega. Nani angejua?"

"Nikikuongopea kwenye karatasi nitakuongopea na kwenye kitambaa. Tulishafanya hivyo mara moja."

Mwalimu akaweka kalamu chini. Machozi yalimlengalenga, na dada yake hakujifanya hayaoni. Akasogeza kiti, akamshika lile bega lenyewe.

"Mimi ndiye niliyelikosea. Bega halikukosea kitu. Nilikuona nusu, mdogo wangu. Sasa nimekuona wote."

"Haya, shona," Mwalimu akasema, akajifuta. "Lakini mtandio naubeba."

"Ubebe."

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Mama Kola alitandaza kitambaa chake cha kijani juu ya meza ya kukatia, wazi, bila kukikunja. Walalaji wakaamka. Fundi wa pindo akamwambia atakiharibu. Mama Kola akachukua chaki. Alichora upande wa kulia, akachora wa kushoto kwa vipimo vyake wenyewe, akashika mkasi, akakata. Hakuweka sponji. Vifungo alivipanga kushuka mshazari kutoka bega la juu hadi kiuno cha upande wa pili, ili jicho la mtazamaji lifuate mteremko badala ya kuupinga. Redio alitoboa matundu yote tisa, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya karakana, alinyamaza saa nzima.

Jumamosi ilipofika, Mama Kola alikaa safu ya tatu katika ukumbi wa shule. Alikuja kwa kazi: kutazama kwapa likikaza, pindo likipanda, bega likivutika. Mwalimu akaingia na gauni lake la kijani, mtandio mkononi. Akauweka juu ya kiti chake, akasogea mbele.

Wazazi walikuwa bado wanasalimiana na kuvutana viti, kelele tupu. Mwalimu akangoja. Kisha akainua mkono kuwanyamazisha, mkono wa kushoto, ule ambao tangu utotoni haujawahi kupanda mbele ya watu. Akauinua wote, taratibu, mpaka ukumbi ukatulia.

Mshono ulikaa au haukukaa, Mama Kola hawezi kukwambia, alisahau kutazama. Alikuwa amesimama peke yake kati ya waliokaa, akipiga makofi kuliko wazazi wote, na shuleni pale hana hata mtoto mmoja.