Bega la Kushoto la Nestor

Mashati yote ya Nestor yalikuwa na kiraka begani, bega la kushoto, na kila kiraka Sidonie alikishona huku akinung'unika. Hata shati la kanisani halikupona. "Baba Eliane, weye unavaa bega moja tu?" alikuwa akimuuliza mumewe. Nestor anacheka, anamaliza chai yake, anarudi shambani. Tusimwonee, mtu wa kazi alikuwa. Mahindi yake yalipaliliwa kabla ya ya mtu yeyote pale kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na watoto wake watano hawakulala njaa hata mwaka ule ukame ulipomaliza maharage yote. Lakini ringi ikilia tu, jembe linabaki palepale kwenye tuta.

Ringi yenyewe ilikuwa ya gurudumu la lori, imetundikwa kwenye mti mbele ya nyumba yao. Nestor aliitundika mwaka 1999, miaka mitatu baada ya kukimbia Kivu ya Kusini, wiki ileile jirani yao Kantengwa alipomzika binti aliyefia njiani kwenda hospitali, akiwa amefungwa juu ya baiskeli. Wenyeji wa pale Uganda wana machela ya kusukwa, wanaiita engozi. Nestor akaenda akajifunza kuisuka, na Wakongomani wenzake wakaiita kipoyi. Ringi ikiita kwa ajili ya mgonjwa, wanaume wanne wanabeba, wanne wanafuata kuwapokea. Mgonjwa kwao ni mgonjwa tu, awe Mkongomani, Mrundi au Mnyarwanda.

Nestor siku zote alishika mbele, kushoto, na hakukubali kupokewa mpaka wafike barabarani. Hilo ndilo lililomkera Sidonie. Watu wanane, na yeye lazima awe mbele kama bwana arusi. Sidonie aliamini kabisa kwamba mumewe anapenda kuonekana.

Nestor alikufa mwaka 2013, homa ya siku nne tu, hospitalini Mbarara, akarudishwa kwa gari. Tangu siku hiyo ringi ikanyamaza. Bodaboda nazo zilikuwa zimeongezeka, wagonjwa wakawa wanapanda nyuma ya pikipiki wakati wa kiangazi. Kipoyi kilikaa juu darini, kuku wakataga humo. Mwaka ukapita, muda wa kuanua matanga ukafika, kutosha kilio kama wanavyosema wao, na Sidonie akagoma.

"Nitapikia batu gani?" alimwambia binti yake Eliane. "Amebeba batu myaka kumi na minne. Amekufa, na hakuna hata mumoja amekuja kuuliza kipoyi iko wapi. Bamemusahau."

Kilimuuma sana kitu hicho. Shambani alikwenda, kanisani alikwenda, lakini nguo nyeusi hakuivua.

Mwaka 2014, mwezi wa nne, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Eliane alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na mkunga alishamwonya: huyu wa pili akazaliwe Mbarara, asithubutu kujaribu nyumbani. Swaibu, mwanajeshi mstaafu anayekaa karibu na kambi ya jeshi kule Mbarara, ambaye kwa miaka mingi alinunua maharage ya Nestor, aliahidi kuja na pikapu yake Jumatatu kumchukua. Uchungu ukaanza Jumamosi asubuhi.

Kijana wa bodaboda alipanda mpaka kwenye korongo lililochimbwa na mvua, akaliangalia, akageuza pikipiki. Sidonie akampigia Swaibu simu. Bahati nzuri alikuwa karibu, pale Kaberebere, akipakia magunia.

"Mama, mimi nafika barabarani chini," alisema Swaibu. "Juu huko gari hapana weza. Leta yeye chini."

Leta yeye chini, rahisi kusema. Eliane alikuwa ameshika nguzo ya mlango, jasho linamtiririka. Sidonie akaokota kipande cha chuma cha kupigia, kilichokaa chini ya mti, akaanza kuipiga ringi.

Sasa, ringi ina utaratibu wake. Mgonjwa, unapiga mara tatu, unapumzika, mara tatu tena. Kifo, unapiga mfululizo bila kupumzika. Sidonie hajawahi kushika chuma kile maisha yake yote. Alipiga kwa hofu, akapiga, akapiga, mpaka mkono ukafa ganzi.

Wakaja. Siyo wanane, walikuwa kama sitini, wanaume na majembe na sururu za kuchimbia kaburi, wanawake na kuni vichwani. Jirani yao Nyirabizimana alibeba sufuria ya maharage aliyoitoa jikoni ikiwa inachemka. Apolline, jirani mwingine, alitokea kwenye kona ya njia mikono kichwani, analia tangu mbali.

"Ni nani ametuacha, Mama Eliane?" aliuliza Pacifique, aliyekuwa msaidizi wa Nestor katika kipoyi. Kofia alikuwa ameshaivua.

"Hakuna mutu amekufa. Eliane anataka kuzala na njia imekatika."

"Lakini umepiga ya kilio."

"Miye ntajua ya kilio ni gani? Chuma ni chuma."

Apolline akajifuta machozi, amenuna. "Nimelia bure," alisema, na watu wakacheka, Sidonie naye akacheka katikati ya hofu yake. Kisha wale wa majembe hawakusubiri kuambiwa. Waliteremka kwenye korongo, wakaanza kulijaza mawe na udongo ili wabebaji wapite.

Kipoyi kikashushwa, kuku wawili wakafukuzwa, Eliane akalazwa humo. Pacifique akashika nyuma, Karekezi, mmoja wa wale wanane wa zamani, na mwingine wakashika pembe zao. Mbele kushoto pakabaki wazi. Hakuna aliyesogea.

"Mbona munasimama?" aliuliza Sidonie.

Pacifique aliangalia chini. "Fasi ya Nestor hatujaipa mutu. Tulikuwa tunakungojea weye utoshe kilio. Tutamupa mutu fasi yake namna gani, na kilio kingali kwako?"

Mwaka mzima Sidonie anangoja wamkumbuke mumewe, mwaka mzima wao wanangoja yeye awape ruhusa. Eliane akapiga ukelele ndani ya kipoyi.

"Basi naishika miye," alisema Sidonie, na kabla hawajabisha akaingiza bega chini ya mti wa kipoyi. Mwanamke kubeba kipoyi haijawahi kuonekana, lakini nani angemzuia mama wa watu siku ile?

Wakaanza kushuka. Njia ile inashuka ikiwa imelalia kushoto, kilima chote kiko hivyo, na hatua ya kumi tu Sidonie alihisi uzito wote wa mwanawe unamwagika upande wake. Mti ulimkata begani. Wenzake watatu walikuwa wanatembea tu, yeye alikuwa anabeba. Machozi yakamtoka, ya maumivu na ya yule mtu wake aliyechekeshwa na viraka miaka yote.

"Baba Eliane, si ungeniambia tu," alisema kwa sauti, na Karekezi aliyekuwa kulia kwake akajifanya hakusikia.

Hakupokewa mpaka barabarani. Swaibu alifungua pikapu, akasema, "Mama, wewe ni mwanajeshi kabisa," wakaondoka. Saa tisa alasiri, katika hospitali ya misheni pale Ruharo, Eliane alipasuliwa salama, mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti. Sidonie alimpokea kwa mkono wa kulia, kwa maana wa kushoto ulikuwa haunyanyuki. Blauzi yake nyeusi ilikuwa imechanika begani.

Kikundi cha kipoyi hakikumsamehe, maana sheria yao ni hii: anayepiga kilio cha uongo anawapikia wote waliokuja. Kwa hiyo Sidonie, aliporudi kutoka hospitali, alipika bugali na maharage ya watu sitini, akavua nguo nyeusi, matanga yakaanuliwa siku hiyohiyo. Watu walikula wakisimuliana mambo ya Nestor mpaka jua likashuka, na Sidonie aliwachokoza waongeze.

Mwisho Pacifique akamuuliza nani apewe mbele kushoto. Sidonie akamtaja Karekezi, kisha akamtazama Pélagie, mke wa Karekezi.

"Mashati yake utakuwa unaniletea miye," alimwambia. "Weye utanung'unika bure."