Mashine Iliyokataa Kuuliza

Kabla kompyuta haijafika kwenye parokia pale Baraka, kando ya ziwa, mwaka 2002, Fabien, karani wa parokia, aliandika kwenye daftari, na daftari halikuwa na kiburi. Liliandikwa jina la mwenye nyumba, kisha alama: msalaba kwa aliyekufa, alama ya kuuliza kwa aliyemezwa na vita bila mtu kuona maiti. Asiye na alama yuko kwake, anakula ugali. Kila Ijumaa majina yalibandikwa mlangoni, na koo zikaamulia hapo. Msalaba ukitokea, matanga yanamalizwa, mdogo wa marehemu anamrithi mjane.

Kompyuta ikaja kwa mtumbwi, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Kila nyumba ikawa faili, jina lake ni la mwenye nyumba pamoja na alama yake. Mashine iliimeza misalaba bila kutafuna. Lakini Fabien alipofika kwa Bienfait, aliyepeleka samaki wakavu Kilembwe na miezi minane hajarudi, akabonyeza alama ya kuuliza, mashine ikalia kama chura. Ikaandika kwa Kifaransa kwamba alama hiyo ni marufuku kwenye jina la faili.

Adolphine, mke wa Bienfait, alikuwa amesimama kiwikoni pake. Mlangoni alisimama Wilfried, mdogo wa Bienfait, na mbuzi wa matanga.

"Papa Fabien," Wilfried akasema, "mashine imesoma kupita sisi. Kama inakatala kuuliza, ni kusema jibu inajua. Tia musalaba. Mbuzi ananyeshewa."

"Musalaba utie kwa jina ya huyo mbuzi, shemeji," Adolphine akasema.

Fabien akajikuna kisogo, akamgeukia Adolphine. "Nikiacha bila alama, Mama Nadège, itasema bwana yako iko nyumbani. Benye bunduki banasoma huu mulango. Batakuja kumutafuta abebe mizigo."

"Na bakimukosa, nitabeba mimi. Nani alifunga hiyo alama?"

"Wazungu benye kuitengeneza. Mashine inaitumia yenyewe, kwa kutafuta mafaili."

"Kutafuta!" Adolphine akapiga kofi. "Mi natafuta bwana miezi munane, yeye anaficha alama ya kutafuta kwa tumbo yake! Ilibakisha gani?"

Fabien akazipiga alama zilizobaki moja moja, mstari mzima. Kidole cha Adolphine kikatua kwenye kijiti chenye nukta chini.

"Hii?"

"Ya kelele. Ya kuita muntu kwa nguvu."

"Weka hiyo."

"Hata marehemu anaitwa," Wilfried akadakia. "Kwa kilio."

"Marehemu munamuita siku tatu, halafu munakula. Mi sijakula."

Fabien alifikiria padri atasema nini, akaona padri mwenyewe hajui hata kuwasha ile mashine. Akabonyeza. Mashine ikanyamaza, ikapokea. Alipochapa karatasi akaongeza kwa kalamu, chini kabisa: *Mwenye kijiti na nukta anaitwa, hajaitika. Ndugu zake waendelee kumwita.*

Wilfried akaisoma mlangoni mara mbili, midomo ikichezacheza.

"Ndugu zake ni mimi. Nitamuita mupaka lini?"

"Mupaka huyo mbuzi azeeke," Adolphine akasema, akajifunga kitenge upya, akaenda zake.

Wilfried akavuta kamba. Fabien akamsikia kule barabarani, kwenye mvua, amesimama, akaita mara moja kwa hasira: "Bienfait!"

Mbuzi ndiye aliyeitika.