Mwanamke Aliyehesabiwa Mfereji

Watu wa mkiani walionja maji kabla ya kuonja chai. Ndivyo walivyoianza siku. Mtu alishuka hadi kwenye jaruba lake la mpunga, akachovya kidole, akakiweka ulimini, akatema. Yakiwa matamu aliendelea na kazi. Yakiwa ya chumvi alikaa juu ya tuta, akaangalia upande wa bahari, kisha akaangalia upande wa lango.

Mkiani ni kule mfereji unakoishia, karibu na mdomo wa mto. Maji huchepushwa juu kabisa, hupita kwanza katika mashamba ya kichwani, kisha hukutana na lango la chuma. Lango likifunguliwa ndipo huteremka mkiani. Kiangazi, mto unaponywea, bahari hupanda kuchungulia, na isipokuta maji matamu ya kuizuia huingia majarubani kama iliyoalikwa.

Mjane mmoja wa mkiani alionja asubuhi hiyo akakuta chumvi. Alikuwa na jaruba moja tu, aliloachiwa na marehemu mumewe, na msimu uliopita masuke yake yalisimama wima, yamejaa mapepe, maganda yasiyo na punje. Sheria ya chama cha wakulima ilikuwa fupi: jaruba lisilovunwa misimu miwili mfululizo hurudi chamani, nacho chama humpa mwenye uwezo wa kulilima. Mwenye uwezo, tangu chama kianzishwe, alikuwa mwenyekiti.

"Mungu anaona," alisema mjane. Alijifuta mdomo, akaenda langoni.

Lango lilikuwa chini ya shemeji yake, mdogo wa marehemu. Watu walimwita Kipa. Alikuwa amekaa kwenye kibao chake, ufunguo unaning'inia kiunoni, na nyuma yake maji matamu yamejaa mpaka ukingoni.

"Shemeji, umekuja kunisalimia au umekuja kwa maji?"

"Nimekuja kwa yote mawili. Zamu ya mkiani ilikuwa jana."

"Mwenyekiti anapanda mara ya pili. Amesema tusubiri majaruba yake yajae."

"Yatajaa lini?"

"Shemeji yangu, mimi ni kipa tu. Kocha ni yeye."

Mjane aliyatazama maji kwa muda. "Haya, mimi naondoka," akasema, na haikujulikana alikuwa akimwambia nani. Akageuka, akashika njia ya nyumbani.

Maji yakapenya chini ya lango, yakamfuata. Yalikuwa na upana wa mkeka wa kulalia na kina cha kufika kwenye kifundo cha mguu, nayo yalikaa hatua moja nyuma ya visigino vyake. Kipa aliyaona yakipita. Alilishika kufuli, akalivuta, akakuta limefungwa sawasawa, akarudi kukaa kwenye kibao chake.

Njiani watu walikunja suruali na kupisha. Mwenye duka alisogeza gunia la sukari ndani. "Mama, pita upande ule basi," alisema, "hapa nimetoka kupiga deki." Mjane akapita upande ule. Alipofika kwake alimkuta wifi yake, dada wa marehemu, anachambua mbegu barazani.

"Wifi, umekuja na mgeni?"

"Ni maji."

"Ya nani?"

"Sijayauliza."

Wifi alinyanyua ungo wake akauweka juu ya ndoo. "Yakaribishe shambani, basi. Hapa hatuna pa kuyalaza."

Mjane aliyapeleka jarubani. Yaliingia, yakajaa kona zote, yakaisukuma chumvi ikatoka kwa upande wa chini. Alipopanda juu ya tuta na kusimama, yalisimama. Jioni alipoenda nyumba ya ibada, yale ya mwisho mwisho, yaliyokuwa bado hayajamwacha, yalibaki nje mlangoni pamoja na viatu. Waumini waliochelewa waliyatumia kunawa miguu.

Tangu siku hiyo alikwenda langoni kila alfajiri baada ya sala, akarudi nayo.

Wiki hizo alikuwepo bwana shamba mpya, kijana mpole mwenye pikipiki inayozimika kila mlimani. Aliwafundisha upandaji mwingine. Miche ing'olewe kitaluni ingali michanga. Ipandwe mmoja mmoja, si kwa mafungu, ikifuata kamba iliyonyooshwa, ili palizi ipite katikati. Na jaruba lisiachwe limefurika siku zote: linyweshwe, liachwe likauke mpaka udongo uanze kupasuka kidogo, linyweshwe tena. Mizizi ikitafuta maji, alisema, hushuka chini na kushika.

"Kwa hiyo tunahitaji maji yanayokuja tukiyaita na kuondoka tukiyafukuza," alisema mzee mmoja. "Hata mke wangu hafanyi hivyo."

"Ndiyo tatizo la mkiani," bwana shamba alikubali. Kisha akamwona mjane amesimama kwenye tope na maji nyuma yake, akafungua mkoba wake, akatoa kamba. "Tuanzie kwa mama huyu."

Hapo ndipo walipokosea. Mpunga hupandikizwa kinyumenyume. Mtu huinama, huchomeka mche, hurudi hatua moja, huchomeka mwingine, ili asikanyage alichopanda. Hakuna mwanamke wa mkiani aliyejua namna nyingine, wala bwana shamba hakuwa na nyingine. Mjane aliinama akaanza mstari. Kila aliporudi hatua, maji nayo yalirudi, kwa kuwa hayakutaka kukanyagwa. Yalivuka tuta, yakapanda njia, yakapita dukani. Alipofika mwisho wa kamba na kunyoosha mgongo, jaruba lilikuwa kavu, miche imelala, na Kipa huko juu alikuwa akishangilia kwamba yamerudi yenyewe.

Mjane alirudi langoni akayaleta tena. Safari hii akajaribu kupanda akienda mbele. Maji yalikaa, lakini miche ilikwenda chini ya nyayo zake.

Wifi alitazama mpaka akachoka. "Toka shambani kwako," akasema.

"Nitoke niende wapi?"

"Kwenye tuta. Wewe tembea, sisi tutapanda. Ukimaliza kutuletea sisi maji, tutakuwa tumemaliza kwako."

Mjane hakuwahi kupandiwa na mtu. Alisimama kidogo na mche mkononi, akampa wifi, akapanda tutani. Wanawake wa mkiani waliingia wakapanda mistari yake, naye akawazungushia maji, jaruba baada ya jaruba. Bwana shamba aliposema sasa udongo ukauke, alitoka nayo akayapeleka kwa jirani. Bata waliokuwa wakimfuata nyuma walizoea ratiba kuliko wenye mashamba.

Habari zilifika chamani. Kikao kiliitishwa ghalani, watu wakakaa juu ya magunia ya mbolea. Hakuna aliyeuliza maji yanamfuataje. Swali lilikuwa yanamfuata kwa idhini ya nani.

Katibu, mtu mnyoofu mwenye sauti ya kutangaza vifo, alisoma kanuni: kila kinachopitisha maji kutoka langoni hadi shambani ni mfereji, na mifereji yote ni mali ya chama.

"Basi jambo limekwisha," alisema mwenyekiti. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kucheka, na mashamba yake ya kichwani yalikuwa ya kijani mpaka macho yaume. "Mama yetu ni mfereji."

"Mfereji gani wenye wifi?" aliuliza wifi kutoka nyuma.

Ghala zima likacheka, na mwenyekiti akacheka kuliko wote. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa mkiani sasa wana mfereji wao, zamu yao ya lango haina kazi tena, na maji hayo yabaki kichwani kwa kilimo cha mara ya pili, ambacho ni maendeleo ya wote. Mikono ikanyooshwa kukubali. Ilipoitwa mikono ya kukataa, mjane alinyoosha wake. Katibu alimsogelea akaushusha taratibu.

"Samahani mama. Mifereji haipigi kura."

"Na jaruba langu?"

"Ukivuna ni lako," mwenyekiti alimjibu. "Usipovuna, sheria unaijua."

"Naijua," alisema mjane. Akatoka, maana maji yalikuwa yameanza kulowesha magunia.

Mpunga ulikua. Ulitanuka ukatoa machipukizi kuliko ule wa mafungu, na watu waliokuwa wakicheka mche mmoja mmoja walianza kupita karibu karibu wakijifanya wanatafuta mbuzi. Ulipobeba mimba, wakati ambao hauvumilii kiu hata kidogo, mjane akashikwa na homa.

Alilala. Maji yalizunguka kitanda chake, yakatulia humo chumbani, yakawa yanapanda na kushuka kwa pumzi yake. Wifi aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda na kumpikia uji akiwa amevaa viatu vya mpira. Shambani udongo ulipasuka, kwanza nyufa za kutia kucha, halafu za kutia kidole. Bahari ikaanza kuchungulia. Asubuhi moja wifi alionja, akatema, akaenda moja kwa moja langoni.

"Kaka, chukua toroli."

"La nini?"

"La shemeji yako."

Walimtandikia magunia, wakampakia, wakamfunika shuka mpaka kidevuni. Kipa alishika mipini. Maji yalitoka chumbani, yakapita mlangoni, yakalifuata toroli kama yalivyozoea kufuata visigino. Njia ilikuwa mbaya na gurudumu lilikuwa linalia. Jasho lilimtiririka Kipa, na kila aliposukuma, ufunguo wa lango uligonga ubavu wa toroli: ko, ko, ko.

Mjane alifumbua macho. "Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Huo unaogonga ni nini?"

"Ni ufunguo."

"Si ungefungua tu lango, ukapumzika?"

"Mwenyekiti hajaamuru."

"Na toroli aliamuru?"

"Toroli hajalikataza."

Mjane alifumba macho. "Basi sukuma," akasema. "Pitia kwanza kwa yule mama mwenye watoto wadogo, kwake ni chini zaidi. Halafu ndiyo twende kwangu."

Kipa akasukuma. Walikwenda hivyo kila siku mpaka homa ikashuka, na siku aliposhuka torolini kwa miguu yake mwenyewe mpunga ulikuwa umechanua, vumbi jeupe jepesi juu ya jaruba zima, na chini yake maji matamu.

Alivuna. Masuke yaliinama mpaka yakagusa tuta, na wanawake waliokuja na mundu walilazimika kurudi kuongeza magunia. Mkiani kote walivuna. Kulikuwa na wali wa kula na mbegu ya kuweka. Bwana shamba alizunguka akipiga picha, akamwomba mjane asimame katikati, na katika picha zote maji yanaonekana pembeni yamekaa vizuri. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kukagua. Alifikicha suke kiganjani, akapuliza, akatafuna punje moja.

"Limevunwa," alisema. "Jaruba ni lako. Hongera. Mfereji mzuri huu."

"Nashukuru," alisema mjane. "Na lango?"

"Lango lina nini?"

"Nikiugua tena, mkiani watakunywa wapi?"

Mwenyekiti alimtazama kwa upole wa kweli. "Mifereji haiugui, mama. Huziba kidogo, ikazibuliwa."

Kabla ya msimu mwingine kuanza, fundi aliletwa akalichomelea lango, kwa sababu lango lisilotumika ni hatari kwa watoto wanaocheza karibu. Kipa hakufukuzwa kazi. Alipewa cheo cha msimamizi wa mifereji ya mkiani, yaani kumsindikiza shemeji yake, na ufunguo akaendelea kuuvaa, maana suruali bila ufunguo ilikuwa inamkaa vibaya. Maji yaliendelea kupenya chini ya chuma kilichochomelewa na kumfuata mjane. Kichwani walipanda mara ya pili, na mwenyekiti akaanza kuzungumzia ya tatu.

"Wifi, mpaka lini?" aliuliza wifi alfajiri moja, wakiwa wanafunga viremba.

"Mpaka lifunguliwe."

"Wamelichomelea."

"Kilichochomelewa hukatwa."

"Na wasipolikata?"

Mjane alikaza kiremba chake. "Miguu ninayo. Na wewe unayo. Twende."

Walitoka pamoja. Waliporudi, jirani aliyekuwa anafagia uwanja aligundua kwamba nyuma ya wifi pia palikuwa na unyevu, si mwingi, upana wa kiganja, unaosita na kuendelea kama mtoto anayejifunza kutembea. Akausogezea ufagio pembeni upite, akaendelea kufagia.

Jambo hilo lilitajwa kwenye mkutano mkuu. Mwenyekiti alisimama na kutangaza kwamba chama kinazidi kusonga mbele: mfereji mwingine umepatikana, tena bila kuchimba. Wanachama walipiga makofi kwa muda mrefu, na katibu akashukuru.

Wale wawili hawakuyasikia. Walikuwa njiani, mbali na ghala, mikono yao ikiwa nyuma ya migongo, jua linaanza kupanda.

"Usigeukegeuke," mjane alikuwa akimwambia wifi yake. "Yanakuja."