Mfarishi Uliosema Usingizini

Fundi hakuwa na cheti, hakuwa na miwani inayolingana na macho yake, wala kiti chenye miguu minne. Na katika miaka kumi na tisa ya kushona mifarishi, yale mashuka mazito ya pamba ya kujifunika, hakuwa na hata mmoja wenye jina lake. Jina lililotiwa pembeni lilikuwa la Bosi, ambaye hakuwahi kuigusa mashine isipokuwa alipopigwa picha.

Mashine yenyewe ilitembea juu ya reli, ukiisukuma kwa mikono miwili juu ya kitambaa, pamba na kitambaa kingine. Ilikuwa na namna tatu za kushona, kila moja na kitufe chake. Ya kwanza ni bandi, mishono mirefu ya kushikiza kwa muda. Ya pili ni ya kupimiwa: mkono ukikimbia sindano inakimbia, ukisimama inasimama. Ya tatu ni mwendo mmoja: sindano haimngoji mtu, na ukizubaa inarundika mafundo.

Wateja waliijua tofauti. Aliyejifunika bandi aliamka kila saa. Aliyejifunika mshono wa kupimiwa alikoroma kwa mpangilio, kama karani anayegonga mihuri. Aliyejifunika mwendo mmoja alisema usingizini yote aliyoyawaza mshonaji. Bosi aliipiga marufuku namna hiyo baada ya bwana harusi mmoja kutaja, moja baada ya nyingine, kasoro za wifi yake Fundi.

Siku moja Bosi aliingia na fomu ya mashindano.

“Dada, jaji mkuu atalala chini ya mfarishi wetu mchana mmoja, kisha majaji watatoa alama. Weka ya kupimiwa.”

“Na jina?”

“Jina gani tena?”

“Basi, Bosi. Nimeelewa.”

Akaweka mwendo mmoja. Alichora majani na mawimbi bila chaki, akiwaza kwa utaratibu kuanzia mwaka wa kwanza. Alizubaa mara mbili tu: alipokunywa maji na alipopiga chafya.

Jaji mkuu, mzee mnene mwenye tai, alijifunika baada ya chakula cha mchana.

“Nimeshona mimi,” akasema, macho yamefumbwa. “Huyu hata kutunga uzi hajui. Kiti nime-nime-nimeomba tangu mwaka wa tatu.” Kisha akapiga chafya.

“Anamsema nani?” akauliza jaji wa pili.

“Hayo hayatuhusu,” akajibu wa tatu. “Andika: matamshi, safi. Mafundo mawili, ondoa alama mbili.”

Baada ya wiki matokeo yakaja. Bosi amekuwa wa kwanza, na anapongezwa kwa namna ya pekee kwa kumpa mfanyakazi wake nafasi ya kusikika.

“Umeona, dada? Tumeshinda! Hebu niandikie barua ya shukrani, mwandiko wangu unanitia aibu.”

“Niseme nani ameshona?”

“Si wameshasikia? Unataka waambiwe mara ngapi?”

Fundi akaandika barua nzuri, yenye aya tatu na shukrani mbili, akatia jina la Bosi chini. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, kwa hiyo akaiweka chini ya sindano. Akavitazama vile vitufe vitatu kwa muda. Akachagua bandi, kwa kuwa ni mshono wa muda, akashona toka ncha hadi ncha, akaipeleka posta kabla hawajafunga.